Kipimo cha tano hakitaondoa hofu

Wahudumu wa vyumba vya unasihi na upimaji wanamfahamu mtu huyu. Alipima Virusi vya Ukimwi (VVU) mwezi wa pili, akaambiwa hana maambukizi. Mwezi wa tatu akarudi, maana alisikia kuna virusi “vinavyojificha”. Jibu likawa lile lile. Mwezi wa nne alikwenda kituo cha mtaa wa mbali, akihofia kwamba kile cha kwanza kinatumia vitendanishi vilivyopitwa na muda. Mwezi wa tano alinunua kipimo cha kujipima mwenyewe, akajifungia chumbani. Ukatokea mstari mmoja, maana yake hana maambukizi. Akalala vizuri siku tatu. Siku ya nne akaanza kujiuliza kama alisoma jibu kabla ya muda wake.

Manesi wa zahanati nao wanamfahamu mama huyu. Mwanawe wa miaka mitatu anakula, anacheza na anaongezeka uzito. Hata hivyo mama humwamsha usiku kumshika paji la uso, humpima joto asubuhi, mchana na jioni, na karibu kila wiki humpeleka kutobolewa kidole apimwe malaria. Mtoto haruhusiwi kucheza mchangani na wenzake. Mikono ya mama imechanika kwa sababu ya kunawa na kunawa tena.

Hatumsemi mtu fulani. Hizi ni sura za watu wengi, na pengine wewe msomaji umejiona katika moja kati ya hizo. Wanachougua ni hofu ya magonjwa isiyokwisha, na leo tunawaandikia wao pamoja na wale wanaoishi nao. Tunachotaka kusema ni kwamba hofu ya namna hii haitibiwi kwa uthibitisho zaidi. Kila uthibitisho unaoongezwa huilisha, na mara nyingi sisi tunaotoa huduma za afya ndio tunaouza chakula hicho.

Hofu hii ina asili yake

Tusianze kwa kumcheka mwenye hofu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na jamii yetu imeumwa zaidi ya mara moja. Wapo watu wazima leo waliozika wazazi wao kwa Ukimwi katika miaka ya 1990, wakati dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wananchi wa kawaida. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini, na kwa miezi mingi kila kikohozi ndani ya daladala kiligeuza shingo za abiria wote. Machi 2023 Kagera ilipata ugonjwa wa Marburg, na Januari 2025 ukatangazwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Mtu aliyepita katika hayo ana haki ya kuogopa.

Tena hofu ya kiasi ni rafiki. Ndiyo inayotufanya tushushe chandarua, tuchemshe maji ya kunywa na tumpeleke mtoto kupata chanjo ya surua na rubela akifikisha miezi tisa na tena miezi 18. Hofu hiyo hutupa kazi ya kufanya, na kazi ikiisha nayo hutulia.

Hofu inayohitaji matibabu haitulii kazi ikiisha. Inarudi siku hiyo hiyo ikiwa na swali jipya. Inakula saa za kazi, usingizi na fedha za chakula. Inamfanya mtu aache kusalimiana kwa mkono, aache kwenda msibani, aogope kumbusu mwanawe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaitambua kama ugonjwa. Katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, hofu ya kudumu ya kuwa na ugonjwa mkubwa imewekwa kundi moja na ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na kumlazimisha mtu kufanya jambo lile lile mara nyingi, kama kunawa mikono au kukagua mlango. Jambo hilo ni la maana, kwa sababu linatuonyesha tiba iko wapi.

Inavyojilisha

Mwili wa mtu mwenye hofu hutoa dalili za kweli. Homoni za mshtuko huongeza mapigo ya moyo. Kupumua haraka haraka huleta kizunguzungu na ganzi kwenye vidole na midomo. Tumbo huvuruga, misuli ya kifua na shingo hukaza, jasho hutoka usiku. Mwenye hofu ya VVU akiharisha siku mbili, kwake huo ni ushahidi. Mwenye hofu ya saratani akibonyeza tezi ya shingoni mara 20 kwa siku, itauma, na maumivu hayo atayasoma kama dalili mpya. Hadanganyi wala hajifanyishi. Anasikia mambo yaliyopo, ila anayapa maana isiyo yake.

Kisha anakagua. Anapima, anatafuta kwenye simu, anamuuliza mwenzi wake, anamtumia picha ya ulimi wake rafiki aliye muuguzi. Akiambiwa “huna kitu”, hofu inashuka kwa saa kadhaa au siku kadhaa. Utulivu huo wa muda ndio mtego. Ubongo unajifunza kwamba ulipona kwa sababu ulikagua, kwa hiyo safari ijayo utadai ukaguzi tena, na kwa kuwa umezoea, utadai mkubwa zaidi. Aliyeridhika na kipimo kimoja mwaka jana sasa hatosheki na vitatu.

Chini ya yote hayo kuna dai moja lisilowezekana: uhakika wa asilimia mia. Hakuna daktari awezaye kukuhakikishia kwamba hutaugua kesho. Wasiokuwa na hofu hii hawana uhakika huo pia. Wamekubali tu kuishi bila huo.

Waumini wa Kiislamu wanaifahamu kanuni ya zamani ya wanazuoni wao: yakini haiondolewi na shaka. Mtu mwenye uhakika kwamba ametawadha, kisha akaingiwa na shaka kwamba huenda udhu umetenguka, haambiwi arudie. Anaambiwa ashike lile la yakini na aendelee na sala yake. Wanazuoni walijua kwamba anayeanza kurudia udhu kwa kila wasiwasi hatafika msikitini. Kanuni hiyo inaweza kumfaa hata asiye Mwislamu anaposhika jibu la maabara mkononi.

Vipimo vina kazi na vina mipaka

Tuzungumze wazi kuhusu VVU, kwa sababu ndiko hofu nyingi hukaa. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, kuumwa na mbu, kuketi chooni au kuguswa na jasho. Kama kweli umepitia tukio la hatari, mfano kufanya ngono bila kinga au kuchomwa na sindano iliyotumika, nenda kituo cha afya mara moja, maana dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Baada ya hapo fuata ratiba ya vipimo utakayopewa. Kwa vipimo vya haraka, jibu la kutokuwa na maambukizi lililopatikana miezi mitatu baada ya tukio la mwisho la hatari ni jibu la kuaminika. Ukiwa unatumia dawa hizo za kuzuia, mtoa huduma ndiye atakayekuambia kipimo cha mwisho ni lini. Jibu hilo likitoka, na kama hakuna tukio jipya, umemaliza.

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, Mtanzania anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Hatua hiyo imewafikia wengi waliokuwa hawapimi kabisa, nasi tunaiunga mkono. Lakini kwa mwenye hofu isiyokwisha, kipimo cha mfukoni kinaweza kugeuka kama sigara: kimoja hutuliza, kisha mkono unatafuta kingine.

Mfano mwingine ni homa ya matumbo, au taifodi. Kipimo cha Widal, kilichoanza kutumika mwaka 1896, bado kinatumika sana katika maabara zetu ndogo. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Hutafuta askari wa mwili waliozalishwa kupambana naye, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo, au ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana jibu moja la Widal halitoshi kuthibitisha taifodi. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Sasa mchukue mtu mwenye hofu, mwenye tumbo linalovurugwa na hofu hiyo hiyo, mpime Widal kila mwezi. Siku moja kitasema “ipo”. Atapewa antibayotiki asizozihitaji, tumbo litavurugika zaidi, na yeye atakuwa amepata hati ya kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Hapa tunawageukia wenzetu wa zahanati, maabara na maduka ya dawa. Mgonjwa aliyekuja mara sita kwa shaka ile ile hahitaji “full” ya vipimo. Anahitaji mtu wa kuvuta kiti na kumuuliza: “Unalalaje? Ni kitu gani hasa unachokiogopa? Kilianza lini?” Tunajua foleni ni ndefu. Tunajua pia kwamba kipimo kinaingiza fedha na mazungumzo hayaingizi. Lakini kumwandikia kipimo cha saba mtu ambaye unajua hana kitu, au kumfungia dozi ya antibayotiki ili aondoke ameridhika, ni kumdhuru. Dawa hizo zikitumika ovyo vimelea huzizoea, na siku mtoto wa mtu mwingine atakapozihitaji hazitafanya kazi.

Uanzie wapi

Kwanza, fanya uchunguzi mmoja ulio kamili na daktari mmoja. Mweleze dalili zako na pia hofu yako, usimfiche. Kubalianeni vipimo gani vinahitajika kweli na lini utarudi. Majibu yakitoka salama, huo ndio mwisho wa kupima. Kuhamia hospitali nyingine ili kuanza upya ni kuianzisha hofu upya.

Pili, andika kwa wiki moja kila unachofanya kutafuta uthibitisho. Umekagua ngozi mara ngapi? Umeandika dalili kwenye simu mara ngapi? Umemuuliza nani? Wengi hushtuka kuona idadi.

Tatu, chelewesha. Hamu ya kukagua ikija, usijiambie “sitakagua kamwe”. Jiambie “nitasubiri dakika kumi”, kisha fanya kazi ya mikono: osha vyombo, fagia uwanja, tembea hadi kwa jirani. Kesho subiri dakika 20. Utaona jambo ambalo hofu ilikuficha siku zote, kwamba hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe hata usipokagua.

Nne, rudi polepole kwenye mambo uliyoyaacha, kuanzia jepesi. Yule mama anaweza kuanza kwa kuweka pembeni kipimajoto, akakitumia pale tu mtoto anapoonekana amechoka au ana joto la kuhisiwa kwa mkono. Wiki inayofuata aache kumwamsha usiku. Kisha amruhusu acheze mchangani nusu saa, anawe kwa sabuni mara moja kabla ya kula, basi. Kila hatua itamtetemesha mwanzoni. Airudie hadi imchoshe, ndipo apande ngazi inayofuata. Hii ndiyo njia ambayo wataalamu wa saikolojia huitumia, na ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa tatizo hili.

Tano, kunawa kuwe na kipimo. Sekunde 20 kwa maji tiririka na sabuni zinatosha. Nyakati zake zinajulikana: kabla ya kula au kuandaa chakula, baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, baada ya kukohoa au kupiga chafya mikononi, na baada ya kumhudumia mgonjwa. Ngozi iliyochanika kwa kunawa kupita kiasi ni mlango wa vimelea, kwa hiyo kunawa mara 40 hakukulindi zaidi.

Sita, simu. Ondoka kwenye makundi ya WhatsApp yanayosambaza habari za magonjwa kila asubuhi. Wakati wa mlipuko, chukua taarifa za Wizara ya Afya mara moja kwa siku, fanya linaloelekezwa, kisha funga.

Kwa wazazi na wanaoishi na mwenye hofu

Mtoto hujifunza kuogopa kwa kuangalia uso wa mzazi. Akiona mama anashtuka kila anapopiga chafya, ataamini kwamba mwili wake ni kitu kibovu kinachosubiri kuharibika. Akiuliza, “Mama, nitaumwa?” mjibu mara moja na kwa ukweli: “Watu huugua wakati mwingine, na tukiugua tunatibiwa. Sasa nenda ukacheze.” Akirudia swali lile lile mara tano, usimpe majibu matano mapya. Mkumbushe lile la kwanza kwa upole.

Mama aliyejifungua karibuni ana sababu ya ziada ya kupata mawazo ya kutisha kuhusu mtoto kuugua au kufa. Mawazo hayo huwapata wengi na hayamfanyi kuwa mama mbaya. Yakimzuia kulala hata mtoto anapolala, au yakidumu zaidi ya wiki mbili, ayataje kliniki anapompeleka mtoto kupimwa uzito. Na nesi asimwambie “utazoea tu”.

Mwenzi naye ana kazi ngumu, maana upendo humsukuma kujibu kila swali. “Nikague hapa shingoni, kuna uvimbe?” Akikagua kila jioni, anakuwa maabara ya nyumbani. Lakini kufoka, “Acha ujinga wako!” kunaongeza aibu bila kuondoa hofu. Kubalianeni mapema, wakati ametulia, mtajibu nini. Mfano: “Mama Neema, najua hofu imekushika. Hilo nililijibu asubuhi, na tulikubaliana silirudii. Njoo tumenye viazi.” Mara ya kwanza atalia au atakasirika. Baki naye. Kukaa kando yake bila kujibu swali ni msaada mkubwa kuliko jibu lenyewe.

Haya usiyasubirishe

Tusieleweke kwamba tunasema watu wasiende hospitali. Mtoto aliye chini ya miaka mitano akiwa na homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, au anayepumua kwa shida, apelekwe mara moja, hata usiku wa manane. Kwa mtu mzima, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito bila sababu, kutokwa damu kusiko kwa kawaida, uvimbe mpya usioondoka, au maumivu makali ya kifua yana haki ya kuchunguzwa. Mwenye hofu naye huugua kama watu wengine, na mtoa huduma asimpuuze kwa sababu ni “yule wa kila wiki”.

Na hofu yenyewe isipuuzwe. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa Desemba 2023 katika jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry uliwafuatilia watu waliothibitishwa na madaktari kuwa na ugonjwa wa hofu ya magonjwa. Walionekana kufariki mapema kuliko wenzao kwa wastani wa miaka mitano hivi, na hatari ya kujiua kwao ilikuwa takriban mara nne. Hatutaji hayo ili kumwongezea mtu hofu. Hao walikuwa wagonjwa waliofikia hatua ya kuhitaji kliniki za wataalamu, na watafiti wenyewe walisisitiza kwamba vifo vingi kati ya hivyo vingeweza kuzuilika. Tunayataja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba huyu ni mtu wa kuchekwa na kurudishwa nyumbani.

Kama hofu imekushika kwa miezi, imeharibu kazi au ndoa, au imekufikisha mahali pa kutamani kufa, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kwa anayetamani kufa, iwe leo hii, na asiachwe peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma hiyo. Wengi hukwama hapa kwa kuogopa kuambiwa “amepelekwa Mirembe”. Ukweli ni kwamba wengi wenye tatizo hili hutibiwa wakitokea nyumbani, kwa mazungumzo ya wiki kadhaa, na wengine kwa dawa zinazotumika pia kutibu sonona. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha matokeo na hazileti uraibu. Zile za kutuliza haraka, kama diazepamu, usizinunue dukani bila daktari. Hukulaza leo na kukufunga kesho.

Yule ndugu wa vipimo vinne sasa anafikiria cha tano. Tunamshauri achukue nauli ambayo angeitumia, aende kituo kile kile cha kwanza, akaombe kuzungumza na mnasihi kuhusu usingizi wake. Na kwa mnasihi atakayempokea: kitendanishi kiache kabatini, mvutie kiti.